Chumba cha Kulia cha Nyumba ya Jiwe

Nyumba ya Jiwe ilikuwa na kila kitu isipokuwa historia, na hapo ndipo matatizo ya Paskazia yalipoanzia. Kibao kilikwisha kupigiliwa getini: NYUMBA YA KIHISTORIA, KARIBUNI, JUMAMOSI NA JUMAPILI. Watu wa Mwanza wakakisoma, wakapanda kilima cha Capri Point na viatu vyao vya kanisani, wakaitazama nyumba juu hadi chini, kisha wakamgeukia yeye mwenye funguo.

"Historia ya nini, mama? Nani alifia hapa? Mtemi gani alilala hapa?"

Hakuna aliyefia pale. Na mtemi yeyote ambaye angeonyeshwa nyumba ile angesema atarudi ikishakamilika.

Ilijengwa mwaka hamsini na nane na tajiri wa pamba aliyeitwa Iqbal, ambaye alimleta msanifu kijana kutoka Nairobi akamwambia afanye apendavyo. Kijana akafanya. Paa alilikunja katikati kama kitabu kilichoachwa wazi, mvua ikinyesha maji yanakimbilia katikati badala ya pembeni. Kuta nyingine alizifanya za vioo vitupu, nyingine za matofali ya matundu, nyingine akazisahau kabisa. Na lile jiwe kubwa la kilimani, ambalo mtu mwenye akili zake angelikwepa, yeye alilizungushia sebule. Likabaki limeketi katikati ya makochi kama mgeni asiyejua kuaga.

Paskazia aliingia pale akiwa msichana kutoka Ukerewe, serikali ilipokwisha kutaifisha majumba na ile ikawa nyumba ya kufikia wageni wa shirika moja la pamba. Aliajiriwa kupika chai. Alipika chai miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo aliipenda nyumba ile kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume. Wanaume wawili waliomposa walilitambua hilo, wakaondoka kwa amani.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na nne, ruksa imetanda nchi nzima, na kila kilichokuwa cha wote kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe. Shirika la pamba lilikufa. Magari yakauzwa, viti vikauzwa, hata saa ya ukutani ikaondoka. Ikabaki nyumba. Tajiri mmoja wa minofu ya sangara alikwisha kuja kuitazama. Hakutazama ziwa wala vioo. Aligongagonga jiwe la sebuleni kwa ncha ya kiatu, akauliza linahitaji baruti kiasi gani. Alitaka kuibomoa ajenge baa ya ghorofa, yenye nguzo nene na taa za kuzunguka.

Kilichoiokoa kwa muda ni mwanafunzi mmoja wa Kizungu aliyepita na kamera. Alipiga picha siku tatu mfululizo, mpaka za vitasa, akamwambia afisa utamaduni kwamba kwao nyumba za namna hii watu huzitembelea kama makanisa. Afisa akaona haya kwa kutolijua jambo hilo. Akaandika barua Dar es Salaam kwa tume ya kuuza mali za mashirika, akajibiwa: jaribuni miezi sita, kisha mkaguzi atakuja. Akikuta watu wanaitembelea, nyumba itabaki. Asipowakuta, iuzwe, na mtunza nyumba arudi kwao.

Kwao Ukerewe palikuwa na kaka, wifi, na kitanda kimoja cha ziada chenye mbuzi chini yake. Paskazia hakutaka kurudi.

Ndipo alipokikumbuka chumba kidogo. Kilikuwa nyuma, mwisho wa korido, hatua mbili kwa tatu, bila dirisha. Juu kulikuwa na tundu la duara lililozibwa kwa kioo, na mwanga ulishuka humo taratibu mpaka sakafuni. Ukutani palikuwa na kijukwaa cha saruji cha kumtosha mtu mmoja, na chini yake tundu la bomba lisilokwenda popote. Shirika lilikuwa likiweka mafagio humo. Siku alipokwangua rangi iliyobanduka, maandishi ya penseli ya fundi yakajitokeza ukutani, herufi kubwa zisizo na wasiwasi: CHUMBA CHA KULIA.

Paskazia hakukurupuka. Alikaa akafikiri. Cha kulia chakula hakiwezi kuwa hiki, maana hicho kilijulikana: ni kile kikubwa kinachotazama ziwa, chenye meza ya mvule ya watu kumi na wawili na kidirisha cha kupitishia vyombo kutoka jikoni. Humu hata sinia lingeingia kwa ubavu. Basi ilibaki maana moja tu. Mke wa Iqbal alijengewa chumba cha kulia machozi. Kijukwaa ni cha kukalia, mwanga ni wa kumfariji. Na lile tundu la sakafuni? Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akaelewa kwamba ni la kupitishia machozi.

"Matajiri bwana," alisema peke yake, akatoa mafagio.

Wa kwanza kuonyeshwa walikuwa wanachuo wa ualimu kutoka Butimba. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu binti mmoja akaomba aachwe humo dakika moja tu. Alitoka macho mekundu, akasema asante mama, akashuka kilima bila kungojea wenzake. Jumamosi iliyofuata walikuja watu tisa. Mwezi wa pili kukawa na foleni.

Maana hebu fikiri, Mwanza mtu atalilia wapi? Nyumbani kuna watoto, shemeji na majirani wenye masikio. Ziwani kuna wavuvi na wafua nguo. Ukilia kanisani watasema una dhambi nzito. Msibani ndiko kwenye ruhusa, lakini huko unapangiwa hata wa kumlilia. Basi wakawa wanakuja, wanawake kwa wanaume, hasa wanaume waliopunguzwa kazi mwaka ule. "Tumekuja kutazama usanifu," walisema, wakapita jiwe, wakapita vioo bila kugeuza shingo, moja kwa moja mpaka mwisho wa korido.

Paskazia aliweka sheria. Mtu mmoja mmoja. Hodi kwanza. Hakuna kumwuliza mtu amelilia nini. Yeye alisimama nje ya mlango na khanga mkononi ya kumfuta atokaye. Mwenyewe hakuwahi kuketi kwenye kijukwaa kile hata siku moja, mganga hajigangi. Alijiwekea ahadi kwamba atalia siku nyumba itakapouzwa, si kabla ya hapo.

Wakitoka, wageni waliandika kwenye kitabu. "Nimefurahia sana chumba cha kulia." "Chumba cha kulia hakina mfano, nitamleta na mama." "Nimetoka nimetosheka. Mungu awabariki."

Mkaguzi alifika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita. Alikuwa kijana mwembamba wa Dar, jina lake Muhidin, ana mkoba na fomu ya kurasa nne. Paskazia hakujua amwite nini, kwa sababu miaka ile "ndugu" ilikuwa imezeeka na "mheshimiwa" haijazoeleka mdomoni.

"Karibu sana, Ndugu Bwana Mkaguzi."

"Shikamoo mama. Muhidin inatosha. Kabla ya yote, naomba unionyeshe choo. Nimetoka stesheni moja kwa moja."

Paskazia akamwonyesha cha nje, nyuma ya mpera. Muhidin akarudi akipangusa viatu.

"Nyumba yote hii, wageni wanatoka nje?"

"Cha ndani ni cha chumbani kwa mwenye nyumba, na hakivuti maji tangu sabini na tisa. Wageni hawakujengewa."

"Ajabu," alisema Muhidin, akaandika kitu kwenye fomu.

Ilikuwa bado mapema, foleni haijajipanga, na walikuwapo wageni wengine wawili tu. Mmoja alikuwa Odeta, mama wa makamo mwenye kapu, anayevuka na kivuko kutoka Sengerema kila mwezi kwa ajili ya chumba tu. Mwingine alikuwa mzee mgeni kutoka Buswelu, amevaa koti zito juani, aliyesema anaitwa Shimba kisha akanyamaza. Mzee huyu alikuwa na tabia moja. Kila ukuta waliofika aliubisha kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akatabasamu.

Paskazia akaanza sebuleni kwa sauti yake ya Jumamosi. "Jiwe hili mnaloliona liliachwa hapa kwa heshima ya mizimu ya kilima."

"Liliachwa kwa sababu tulishindwa kulivunja," alisema Mzee Shimba. "Wiki tatu. Nyundo kumi na moja zilikatika mipini."

Muhidin akainua kalamu. "Mzee, ulikuwapo?"

"Nilikuwa fundi mkuu. Kuta hizi zote ni mikono hii." Kama Wasukuma wengi wa umri wake, Mzee Shimba hakugombana na herufi r, akiikuta njiani aliweka l mahali pake, akaendelea na safari. "Balaza lile pia nililijenga mimi. Na ngazi. Nimesoma kibao getini, nikasema ngoja nikaone kazi yangu kabla sijafa."

Siku nyingine yoyote Paskazia angemletea kiti na chai. Siku hiyo alitamani mzee awe bubu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, na Paskazia hakuwa mwongo, lakini alianza kuona kwamba njia yake nayo haikuwa ndefu sana. Alieleza vioo haraka haraka, akaeleza meza ya mvule, akafunga mlango wa korido.

"Ziara yetu imeishia hapa. Asanteni kwa kutembelea."

"Imeishiaje?" Odeta alishtuka. "Mimi nimevuka maji kuja kuangalia meza?"

"Na kitabu hiki," alisema Muhidin akipekua kurasa, "kila mtu anasifu chumba cha kulia. Naomba tukione, mama."

Wakaenda. Mle ndani walienea kwa kubanana. Paskazia akasimulia maneno yaleyale ya kila wiki, ila sauti ilikuwa imemkauka: mke wa Iqbal, kijukwaa, mwanga. Alipofika kwenye tundu la machozi, Mzee Shimba alitoa mlio kooni. Wakadhani amepaliwa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajiachia juu ya kijukwaa akijifuta macho.

"Mama yangu," alisema, "hiki ni choo."

Akanyoosha kidole kwenye yale maandishi ya penseli.

"Maandishi haya nilichola mimi. Msanifu alitaka vyoo viwili vya wageni, kimoja mkono wa kushoto, kimoja mkono wa kulia. Nikaandika ukutani, vijana wasichanganye. Cha kulia tukajenga. Cha kushoto, saluji ikaisha. Halafu bakuli la choo likaja na meli kutoka Kisumu, likavunjika bandalini. Iqbal akakasilika, akasema basi, wageni wajisaidie makwao. Hapa nilipokaa ndipo bakuli lingekaa."

Mtama ulikwisha kumwagwa, na kuku walikuwa wengi. Muhidin alitazama juu kwenye kioo cha duara, akatazama tundu la sakafuni, akamtazama Paskazia.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "wananchi wamekuwa wakilia chooni kwa miezi sita."

Paskazia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Aliiona baruti ndani ya jiwe, akaziona nguzo nene na taa za kuzunguka, akamwona wifi yake akimtoa mbuzi chini ya kitanda. Hata hivyo, hakutafuta pa kujificha.

"Sikudanganya, baba. Nilisoma vibaya. Andika hivyo, kwamba mtunza nyumba alisoma vibaya."

"Ngoja kwanza," alisema Odeta. Aliweka kapu lake chini, kitu ambacho wanaomfahamu Sengerema wangemwambia mkaguzi ajihadhari nacho. "Na mimi niulize. Ninyi mnashangaa nini? Nina watoto saba, mama mkwe, na mume asiyetoka. Tangu niolewe nimelilia wapi kama si chooni? Ndiko kwenye mlango unaofungwa na hakuna anayekufuata. Tofauti ni kwamba cha kwangu kina nzi, na hiki kina mwanga."

Kisha Odeta akamgeukia Mzee Shimba.

"Na wewe, mzee wangu, shikamoo."

"Malahaba."

"Umecheka mpaka machozi yamekutoka. Umeyafuta kwa mkono gani?"

Mzee Shimba akautazama mkono wake, bado umelowa. "Wa kulia," alikiri.

"Basi wewe hukukosea kuandika, na mwenzangu huyu hakukosea kusoma. Sasa tokeni wote. Ni zamu yangu."

Wakatoka. Mlango ukafungwa. Walisimama koridoni watatu, Paskazia na khanga yake, mkaguzi na fomu yake, fundi na koti lake, kama watu wanaongoja nje ya wodi ya wazazi. Ndani Odeta alilia, wala hakulia kidogo. Mzee Shimba aliacha kutabasamu. Aliuweka mkono kwenye ukuta alioujenga, safari hii bila kubisha.

"Siku ile bakuli limevunjika," alisema kwa sauti ya chini, "nilipokea habali kwamba mwanangu wa kwanza amefaliki. Nilikuwa na vijana kumi na wanne chini yangu. Nililudi kazini tu."

Hakuna aliyemwuliza zaidi. Sheria ilikuwa sheria.

Muhidin alikohoa. "Fomu ina mstari mmoja," alisema. "Sehemu ya jengo inayovutia wageni zaidi. Siruhusiwi kuandika ninachodhani. Ninaandika kilichoandikwa." Akafungua kitabu cha wageni, akanakili kwa mwandiko wa shule: *Chumba cha kulia. Wageni wanatoka hadi ng'ambo ya ghuba kwa ajili yake. Wote hukisifu. Hutoka wametosheka.*

Paskazia alisoma juu ya bega lake. "Hutaeleza ni kulia kupi?"

"Mstari ni mfupi, mama. Dar watasoma wenyewe."

Wiki tano zilipita. Paskazia alifua mapazia yote, kisha akayafua tena. Tajiri wa minofu alikuja mara moja kupima geti kama lori litapita. Mzee Shimba naye alikuja kila Jumamosi, akaketi kwenye baraza lake akiwaeleza wageni ukweli kuhusu kila tofali, na ajabu ni kwamba ukweli wake ulichekesha kuliko mizimu. Chooni watu waliendelea kuingia. Sasa walijua ni choo, na foleni ikarefuka.

Hatimaye lori likaja, ila halikuwa la tajiri. Lilitoka stesheni, na lilishusha kasha moja zito la mbao na bahasha ya serikali. Paskazia aliishika bahasha kwa vidole viwili, akampa Mzee Shimba. Mzee hakuwa na miwani. Ikabidi Paskazia aisome mwenyewe, kwa sauti.

"Tume imeridhika kwamba nyumba hii ina chumba cha kulia chenye sifa, kinachopendwa na wageni wengi, nao hutoka wametosheka. Katika kipindi hiki cha soko huria, huduma ya chakula ya namna hii ni mfano wa kuigwa. Nyumba isiuzwe. Iendelee kutembelewa chini ya usimamizi wa Bibi Paskazia Mihayo. Ili kuboresha chumba hicho cha kulia, pokea sahani dazeni sita, mabakuli na vijiko vyake."

Mzee Shimba alicheka mpaka akalazimika kushikwa. "Mimi niliandika mkono," alisema akipata pumzi, "wewe ukasoma machozi, wao wamesoma ugali!"

"Usicheke, mzee! Wakija kukagua nitawaonyesha nini? Mimi sina hoteli."

"Mama yangu, umewahi kuona wapi watu wakalia, halafu wakaondoka bila kula? Hata msiba wa maskini una chungu."

Jumamosi iliyofuata moto uliwashwa katika lile jiko kubwa kwa mara ya kwanza tangu shirika life. Odeta alivuka na kapu la viazi na binti zake wawili. Sato walichemshwa kwa ndimu na nyanya, ugali ukasongwa, kidirisha cha kupitishia vyombo kikafunguliwa kwa kugongwa na nyundo. Watu waliingia chumba kidogo mmoja mmoja, wakatoka wakifuta nyuso, na badala ya kushuka kilima peke yao wakaelekezwa kwenye meza ya mvule. Mwanzoni hawakutazamana. Halafu mmoja akaomba chumvi, mwingine akampa, na wa tatu akauliza lile jiwe sebuleni linafanya nini.

Paskazia alisimama mlangoni akaitazama meza imejaa, watu kumi na wawili, na ziwa nyuma yao. Tajiri hatakuja na baruti. Nyumba haikuuzwa. Alikuwa amejiahidi kulia siku itakayouzwa, na hakuwa amepanga lolote kwa siku ambayo haitauzwa. Akafuta jicho moja kwa ncha ya khanga. Alijua akibaki pale ataharibu supu ya watu.

Akatembea mpaka mwisho wa korido. Mzee Shimba alikuwa ameketi pale kwenye stuli, maana siku hiyo alipewa zamu ya mlango. Paskazia akamkabidhi khanga. Kisha, kama alivyowafundisha wote waliomtangulia, akagonga.

"Hodi."

Ndani hapakuwa na mtu wa kuitikia. Aliyejibu alikuwa fundi wa chumba, nyuma yake.

"Kalibu, mama."

Akaingia, akaketi kwenye kijukwaa chini ya mwanga, akalia miaka ishirini na miwili yote kwa mpigo. Alilia kwa sauti, kama mtu aliye kwake. Mezani walimsikia, vijiko vikasita kidogo, kisha vikaendelea, na hakuna aliyeuliza.

Baada ya muda mlango ukabishwa kwa kifundo cha kidole.

"Lia talatibu, usiwe na halaka," alisema Mzee Shimba. "Nakuambia tu kwamba sato wako nimemfunika, ila anapoa."